Mgombea wa jiji la kijani atuambie habari za mkaa

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu hili ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linazungumzwa nusu nusu. Nazo ni ahadi za wagombea udiwani wa mijini, wanaosema kwamba wakichaguliwa wataifanya miji yetu iwe ya kijani na yenye kukalika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Morogoro Vijijini, chini ya Milima ya Uluguru. Pengine msomaji wa Dar es Salaam atauliza, mwalimu wa kijijini anahusikaje na mambo ya madiwani wa jiji? Ninahusika sana, na nitaeleza.

Wakati wa kampeni za mwaka 2020 nilikuwa Dar es Salaam kwa kaka yangu, nikahudhuria mkutano wa mgombea mmoja wa udiwani. Alizungumza vizuri. Alisema atapanda miti kando ya kila barabara ya kata yake, atarudisha viwanja vya wazi vilivyovamiwa, watoto wapate pa kucheza na wazee wapate kivuli cha kupumzikia. Wananchi walipiga makofi, nami nilipiga, maana hayo ni mambo mema. Lakini kwa muda wote aliozungumza sikumsikia akitaja mkaa hata mara moja, wala mahali yanapotoka maji ya kumwagilia miti hiyo.

Ndugu Mhariri, kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Watu wote hao wanapika na wote wanakunywa maji. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa nchi hii ulikuwa ukiishia Dar es Salaam. Sisi wa Morogoro hatuhitaji kusoma ripoti ili kulijua hilo. Tunayaona magunia ya lumbesa yakipangwa kando ya barabara, na usiku tunasikia malori yakipakia. Tanuri la udongo la kawaida huhitaji kilo nyingi za kuni, mara nyingi kati ya 5 na 10, ili kupata kilo moja tu ya mkaa. Kwa hiyo kila gunia linaloingia jijini limeacha nyuma yake rundo la miti iliyokatwa ambalo mnunuzi halioni.

Katika darasa la hesabu nawafundisha watoto kwamba ukitia kumi mfukoni huku unatoa mia, hukuongeza kitu. Mgombea anayeahidi kupanda miti elfu moja mjini, lakini hana neno juu ya nishati wanayopikia wapiga kura wake, anafanya hesabu ya kumi bila kutaja mia. Na wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jambo la pili ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, nao Ruvu hupata maji yake katika Milima ya Uluguru, yaani huku kwetu. Mwezi Oktoba mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, wakazi wa jiji walipewa maji kwa mgao. Watu walilaumu mvua kuchelewa, na ni kweli ilichelewa. Lakini mlima wenye miti hushika maji na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na mlima uliovuliwa miti huyaachia yote kwa siku moja yakiwa na matope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kijito kilicho karibu na shule yetu, ambacho maji yake huingia Ruvu, sasa kinalimwa hadi ukingoni, na ikifika Septemba wanafunzi hutembea mbali zaidi na ndoo zao.

Siyo nia yangu kumlaumu mama anayepikia mkaa kule Manzese au Mbagala. Mama huyo hununua mkaa kwa kopo, kadiri ya fedha aliyoipata siku hiyo. Gesi kwa kawaida huuzwa mtungi mzima, na fedha ya mtungi mzima hana. Wala simlaumu mwanakijiji mwenzangu anayechoma mkaa, kwa sababu mahindi yake yanapokosa bei, mkaa ndio unaonunua daftari na sare ya mtoto. Marufuku peke yake haisaidii. Mwezi Januari mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa, lakini amri ile haikudumu, kwa kuwa watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia.

Kinachosaidia ni mpango. Jirani zetu wa Wilaya ya Kilosa walianza mwaka 2012, kwa msaada wa mradi, kuvuna mkaa kwa utaratibu katika misitu yao ya vijiji. Msitu uligawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, kikavunwa kimoja na jirani yake kikaachwa, na kipande kilichovunwa kikapumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, na vipo vijiji vilivyojenga madarasa kwa fedha hizo. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo. Lengo hilo halitatimizwa na mawaziri peke yao. Litatimizwa au litashindikana katika kata.

Hapo ndipo diwani anapohusika. Wapo watakaosema kwamba ninamtwisha diwani mzigo wa waziri. Sivyo. Halmashauri hutunga sheria ndogo na hupitisha bajeti, na madiwani ndio wanaoinua mikono. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Diwani anaweza kuhimiza vikundi vya kata yake kukopa fedha hizo kwa ajili ya kutengeneza mkaa mbadala wa vumbi la mkaa na takataka za mazao, au majiko banifu. Anaweza kudai kwamba soko litakalojengwa katika kata yake liwe na sehemu ya mama lishe yenye gesi au umeme. Anaweza kuwashawishi wenzake katika halmashauri waketi na viongozi wa wilaya zetu, ili sehemu ya fedha zinazotokana na maji irudi kwenye vijiji vya vyanzo kwa njia ya miche ya miti na mizinga ya nyuki. Mwanakijiji mwenye mizinga hukaa mlinzi wa msitu bila kulipwa mshahara.

Hata miti ya mjini yenyewe inahitaji zaidi ya hotuba. Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Upandaji Miti Kitaifa, tunaona viongozi wakishika majembe. Swali ni nani anayeshika ndoo mwezi Julai. Shuleni kwetu kila mwanafunzi wa darasa la tatu hukabidhiwa mti wake na jina lake huandikwa kwenye kibao kidogo, na ukikauka tunajua wa kumwuliza. Mtaa nao unaweza kufanya hivyo, kila nyumba na mti wake.

Wala tusidhani kwamba jiji la kijani maana yake ni maua ya kupendezesha macho. Mwezi Desemba mwaka 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa walioathirika walikuwa wakiishi mabondeni, hasa Bonde la Msimbazi. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kupita katika kata nyingi kabla ya kufika baharini. Bonde likiachwa wazi, na vilima vyake vikiwa na miti, maji hupata njia yake. Vikikosekana, maji huingia vyumbani mwa watu. Kwa hiyo kijani ni usalama wa maisha, na hakuna kata moja inayoweza kuupata peke yake.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa wapiga kura wa mijini ni hili. Mgombea akija kuwaahidi jiji la kijani, msimzomee, maana amesema jambo jema. Lakini kabla ya kumpigia makofi mwulizeni maswali matatu. Wananchi wa kata hii watapikia nini? Maji ya miti hiyo yatatoka wapi, na waliolinda chanzo chake watapata nini? Na mti ukishapandwa, jina la mtunzaji ni nani? Akijibu yote matatu, mpeni kura. Akishindwa, mwambieni aende akajifunze kwanza, na huku vijijini tupo tayari kumpokea na kumwonyesha visiki.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro Vijijini.