DAME HAINA KOSA, PESA NJO MBAYA



Tangu mwanzo wa trimestre hii mabao ya dame yamekatazwa katika interna. Yale yaliyokamatwa yamefungiwa katika biro ya disiplini, na wengine wanacheka wakisema yatakuwa kuni za kupikia maharagi. Mimi niko kapita wa wanafunzi, kwa hiyo kazi ya kuyakusanya ilinipata, na niliifanya. Lakini kapita naye ana mdomo. Ninaomba ruhusa ya kusema wazi: aliyefungwa siye mwizi. Mwizi angali anatembea.

Mwizi ni nani? Ni pesa. Sisi wote tunajua mambo yalivyoenda. Walianza kuwekeana kipande cha sabuni. Nyuma yake sukari, halafu kikombe cha mchele. Mwisho, ndugu mmoja wa mwaka wa nne aliweka minervali yake, pesa ambayo mama yake alipata kwa kuuza mafuta ya ngazi sokoni. Jioni moja tu, yote ikakwisha. Leo nafasi yake katika kilasi iko wazi. Tunasikia yuko kwenye kariere, anachimba kasiterite pamoja na watu wazima. Na yule aliyemshinda alipata faida gani? Hakuna mtu anataka kukaa naye. Hata chakula anakula peke yake.

Kwa hiyo walimu walikuwa na haki ya kukasirika. Mimi ninauliza neno moja tu: kama wangewekeana pesa juu ya mpira wa miguu, tungechoma mpira?

Kuna wazee wanaochukia karata na ludo, juu ya michezo hiyo inategemea bahati. Karata inakuja kama inavyokuja, na ludo inangojea namba sita. Sitabishana nao hapa. Lakini dame haina bahati hata kidogo. Kwenye bao kubwa kuna vyumba 100, na kila mtu ana vipande 20. Vyote viko mbele ya macho ya wote wawili, hakuna kilichofichwa mkononi. Ukishindwa, huwezi kusema karata zilikuwa mbaya. Tena kuna sheria ya kula: ukiona cha kula, ni lazima ule, hata kama unajua mwenzako amekitega. Mwenye tamaa anakula kimoja na kufurahi, kumbe mwenzake anakula vitatu na kufika mwisho, anapata dame. Walimu wanatuambia kila siku tufikiri mbele ya kujibu. Bao linatufundisha vilevile, bila fimbo.

Tusidhani tena kwamba ni mchezo wa wavivu wa chini ya mwembe. Baba Sy wa Senegali, aliyezaliwa mwaka 1935, alikaa mezani na wachezaji wakubwa wa Ulaya na kuwashinda. Alikufa mwaka 1978. Mwaka 1986 shirikisho la dame la dunia lilimtambua kuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963. Mwafrika huyo alipata heshima hiyo kwa akili yake.

Na katika nchi yetu wenyewe tuko na mfano mkubwa kuliko huo. Kule Kasai, katika karne ya 17, Wakuba walikuwa na mfalme anaitwa Shyaam. Mapokeo husimulia kwamba aliwakuta watu wake wamezama katika michezo ya kuwekeana mali. Akawaletea bao la mashimo, mchezo wa kuhesabu na kuwaza, ndugu wa kisolo cha Baluba na wa bao la Zanzibar lenye mashimo 32 na kete 64. Sanamu yake ya mti iko leo London, katika British Museum, na mbele yake wamechonga bao hilo. Muone vizuri: wafalme wengine walichongewa alama zao, yeye alama yake ni bao la mchezo. Mfalme alitumia bao kufukuza kamari. Sisi tunafukuza bao, na kamari inabaki. Juu ya kamari haihitaji bao. Tangu tumekusanya mabao, kuna wanaowekeana pesa gizani kwa kurusha franka tu juu.

Sasa nitoe mashauri yangu.

Kwanza, mabao yarudishwe, lakini yakae katika refektwari mahali pa wazi. Yachezwe Jumamosi nyuma ya kazi ya mikono, na Jumapili jioni. Siku za etude, hapana. Sisi wa mwaka wa sita tuko na Egzame d'Etat mbele yetu, na hakuna kipande cha dame kitakachotujibia.

Pili, mtu akiweka kitu, hata kipande cha sabuni, aondoke na aadhibiwe yeye. Bao libaki. Mimi mwenyewe nitaleta jina lake, hata akiwa rafiki yangu.

Tatu, dada zetu wacheze. Nyumbani tunaona baba na kaka wanazunguka bao, na msichana anapita na sahani za kuosha. Katika kilasi hesabu ni moja kwa wote. Kwa nini bao liwe la wavulana? Na wadogo wa mwaka wa kwanza wafundishwe na wakubwa. Mtoto aliyetoka mbali, anayelia usiku juu ya mama yake, akipata mtu wa kucheza naye amepata yaya.

Garama? Ubao mmoja kutoka kwa fundi, kipande cha makaa, na vifuniko 40 vya chupa. Mmoja anavigeuza juu, mwenzake chini, basi. Hatuombi hata franka moja kwa wazazi.

Wakati wa likizo tutarudi kila mtu kwao. Tukirudi tunajua kucheza bila kuwekeana kitu, tutawafundisha hata watu wa nyumbani, na baba aliyezoea kupeleka pesa ya posho katika karata atakuwa na sababu ya kukaa mlangoni pake jioni na watoto wake.

Ndugu wanafunzi, tusiwape walimu sababu ya kusema hatuwezi. Na ninyi wakubwa wetu, tunawaomba mtupime kwa trimestre moja. Tukishindwa, kuni ziko tayari.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita