Baba Yuko Safarini

Wengi wetu tuna waume ambao begi lao halikai kabatini wiki nzima. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, safari ya kutoka Dar es Salaam imekuwa kama ya kwenda sokoni. Treni ya umeme iliyofika huko mwaka 2024 imepunguza uchovu, lakini vikao havikupungua.

Baba anarudi Ijumaa usiku, Jumamosi tunafua, Jumapili jioni tunapiga pasi. Na tupekue mifuko kabla ya kuloweka suruali! Stakabadhi ikilowa, kurejesha masurufu ofisini ni shida.

Hayo tunayazoea. Linaloharibu nyumba ni lile neno, "Ngoja baba yako arudi!" Likisemwa kutwa, mtoto akisikia geti hukimbilia chumbani, na baba mwenyewe, maskini, hata hajui kosa lilikuwa nini. Kosa la Jumanne tulimalize Jumanne, sisi wenyewe. Simu ya jioni iwe ya mtoto kumsomea baba alama zake, kisha tusali wote. Mtandao ukikatika katikati ya sala, amina tutaitikia sisi.