FIKIRINI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ndugu wanachama,

Juma lililopita kila mtu aliyetimiza miaka mitano kazini alipewa barua kutoka ofisi ya meneja. Barua yasema kwamba kampuni ina mpango wa kupunguza watu, na kwamba anayependa kuondoka mwenyewe, kwa hiari yake, atalipwa kiinua mgongo maalumu. Siku za kujibu ni 14. Tangu siku hiyo hapana habari nyingine kantini wala langoni. Wako wanaosema pesa ni nyingi, na wako wanaosema ni mtego. Wengine wamekwisha tia sahihi bila hata kuwaambia jamaa zao nyumbani.

Sisi hatuandiki haya ili kumwamrisha mtu abaki au aende. Watoto ni wake na maisha ni yake. Twaandika ili kila mmoja ajue thamani ya anachopewa na thamani ya anachokiacha. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza tuijue haki yetu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imeeleza wazi yampasayo tajiri anayetaka kupunguza watu. Ni lazima akiarifu chama na Ofisa wa Kazi mwezi mmoja kabla, akitaja sababu na kiasi cha watu. Ni lazima awachague wa kuondoka kwa kutazama muda wao kazini, ujuzi wao, uwezo wao na uaminifu wao. Ni lazima alipe likizo iliyobaki, atoe notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi badala yake, na alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Hayo si zawadi. Ni sheria, na mapatano ya chama yakitoa zaidi, tutahesabu kwa mapatano.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme mtu amefanya kazi miaka 18 na mshahara wake ni shilingi 26,000 kwa mwezi. Tukihesabu siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 1,000. Siku 15 mara miaka 18 ni siku 270, yaani shilingi 270,000. Mwezi wa notisi ni 26,000. Likizo ya siku 21 ni 21,000. Jumla ni shilingi 317,000, na hizo angepata hata kama angepunguzwa kwa nguvu. Barua yampa 400,000 "kwa kila kitu." Basi nyongeza ya kampuni si 400,000. Ni 83,000, yaani mshahara wa miezi mitatu na siku chache. Kwa hizo anatakiwa kuuza nafasi yake ya kubaki kazini, na kutia sahihi kwamba hatadai kitu kingine tena. Huenda ikamfaa. Lakini aijue bei kabla ya kuuza.

Tena ulizeni maswali haya. Je, pesa hizo ni kabla ya kodi au baada? Mkopo wa SACCO utakatwa papo hapo? Anayeondoka na deni asisahau kwamba akiba yake isipotosha, wadhamini wake waliobaki ndio watakaobeba mzigo. Bima ya matibabu ya kampuni itakoma lini? Mchango wa SHA hautakatwa tena katika mshahara. Atautoa mwenyewe mfukoni. Na pesa za uzeeni za NSSF kwa kawaida hazitolewi kabla ya miaka 50. Mwenye miaka 41 asizihesabu katika mipango ya mwaka huu.

Twasikia pia kwamba wasimamizi wengine wanazunguka wakisema, "Atakayekataa atakuwa wa kwanza kuondolewa." Maneno hayo hayamo katika sheria. Kukataa kuondoka si kosa, na hiari yenye vitisho si hiari. Aliyeambiwa hivyo aandike siku, saa na jina la aliyesema, akalete kwa mwakilishi wake.

Lakini hatutawadanganya. Hatuwezi kuahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa. Mwaka 2012 shirika la Kenya Airways liliwaita watu waondoke kwa hiari, kisha likawapunguza wengine zaidi ya 400. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 2014 ikaona kwamba sababu ya kupunguza watu ilikuwapo, lakini utaratibu haukufuatwa vilivyo. Hata hivyo mahakama haikuwarudisha watu kazini. Mahakama ni njia ndefu, ndugu. Nguvu yetu ni kubwa zaidi leo, kabla ya sahihi, kuliko itakavyokuwa miaka miwili baada yake.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1993, Serikali ilipowaita watumishi wa vyeo vya chini wastaafu mapema kwa hiari. Maelfu walikubali. Twawajua walionunua ng'ombe wa maziwa wakasimama imara, na twawajua waliofungua duka bila kujua biashara, likafungwa kabla mwaka haujaisha. Tofauti haikuwa wingi wa pesa. Wa kwanza walikuwa na shauri tayari kabla ya kuzipokea.

Kwa hiyo, mwenye shamba, mwenye afya dhaifu, au aliyekaribia kustaafu, akipiga hesabu akaona yamfaa, aende kwa amani. Asiitwe msaliti na mtu yeyote. Lakini na tuwafikirie wanaobaki pia. Watu 100 wakiondoka mmoja mmoja kimyakimya, kazi yao haitaondoka nao. Itaangukia mabega ya waliobaki, au itapewa vibarua wasio na mapatano.

Chama kimekwisha mwandikia meneja kutaka mambo matatu: idadi ya watu anaotaka kupunguza na idara zao, siku za kujibu ziongezwe ziwe 30, na kila barua itenganishe haki ya sheria na nyongeza ya kampuni. Jibu likija tutalisoma mbele yenu wote katika mkutano wa tawi.

Mpaka hapo ombi letu ni moja. Lete barua yako ofisi ya tawi, pamoja na hati ya mshahara, tuipigie hesabu pamoja. Haina malipo, wala hutaulizwa umeamua nini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kalamu iliyo peke yake mezani kwa meneja haina mwenzi wa kuishauri.

Umoja ni nguvu.