Kisu na Waya: Nani Aguse Aota?

Leo siasa naiweka pembeni. Wiki nzima kichwa changu kimejaa mshipa mmoja tu: aota.

Aota ndiyo bomba kuu la damu. Inatoka kwenye moyo, inapanda kidogo, inapinda kama mpini wa mwavuli, kisha inashuka kifuani kuelekea tumboni. Presha ikikaa juu miaka mingi, au mtu akiwa mvutaji wa sigara, ukuta wake unaweza kulegea na kutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Mara nyingi mwenyewe hasikii chochote. Ikipasuka, wengi hawafiki hospitali.

Zamani tiba ilikuwa kufungua kifua. Michael DeBakey wa Houston, aliyeshona mishipa ya bandia ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani ya mkewe miaka ya 1950, alikuwa kinara wa njia hiyo. Lakini kifua kinapasuliwa, aota inabanwa, na uti wa mgongo ukikosa damu mgonjwa anaweza kuamka miguu imepooza. Mzee mwenye mapafu mabovu hata mezani hakupandishwa.

Ndipo ikaja njia ya ndani ya mishipa. Mwaka 1987 Nikolay Volodos, daktari wa upasuaji wa Kharkiv, Ukraine, aliweka mrija wa kitambaa wenye fremu ya chuma ndani ya aota ya kifuani bila kufungua kifua. Aliandika kwa Kirusi, dunia ikachelewa kumjua. Mwaka 1992 Michael Dake wa Stanford akaanza, na mwaka 1994 yeye na wenzake wakatoa ripoti ya wagonjwa 13. Mrija unakunjwa, unapitishwa pajani juu ya waya, ukifika unakunjuka na damu inapita ndani yake.

Sasa hoja yangu. Dake si mpasuaji, ni bingwa wa radiolojia. Ila kwenye ripoti ile majina ya wapasuaji wa moyo yamo. Somo liko hapo. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto kule Zürich, wapasuaji waliiacha kazi hiyo kwa wengine, na mpaka leo haijarudi mikononi mwao. Wakongwe wa chumba chetu cha habari hunisimulia wapiga picha walioicheka kamera ya dijitali. Kicheko hakikudumu.

Mimi nasema mpasuaji wa moyo ajifunze waya, si kwa ajili ya mkate wake, bali kwa ajili ya mgonjwa. Wakati mwingine mrija wenyewe unajeruhi ukuta wa aota, na mpasuko unarudi nyuma kuelekea moyoni. Hapo kifua kinatakiwa kufunguliwa mara moja. Utampigia nani simu? Tena sehemu ya aota iliyo karibu na moyo mpaka leo kwa kawaida inadai kisu. Anayejua kisu peke yake atakushauri kisu. Anayejua waya peke yake atakushauri waya. Mgonjwa anahitaji mtu asiye na sababu ya kupendelea.

Najua kuna atakayeniambia kila mtu abaki na fani yake. Ana haki. Mpasuaji anayeshika waya mara mbili kwa mwaka ni hatari kuliko asiyeushika kabisa. Ndiyo maana sisemi awafukuze mabingwa wa radiolojia. Wakae chumba kimoja, wafundishane, kama walivyofanya Stanford.

Na tusidanganyane kwamba waya ni muujiza. Kupooza kunaweza kutokea hata kwa njia hii, damu inaweza kuvuja pembeni ya mrija, na mgonjwa anapaswa kurudi kupigwa picha za CT maisha yake yote.

Wakati mabingwa wakigombea mlango wa kuingilia, wewe msomaji wangu nenda kapime presha. Hiyo haihitaji kisu wala waya.

Mnasemaje?