AMPLIFAYA YA TATU NA BADO INALIA WIII! VIJANA WA UJIJI WANALIWA HELA KWA SABABU YA RANGI YA GARI

Mwisho wa reli kuna jamaa mmoja anapiga mchomoko kati ya Ujiji na Mwanga. Jina tunaliweka kapuni, maana abiria wake wote wanamjua. Gari yake ni safi, siti zina vitambaa, nyuma kuna sabufa ya kutosha kutikisa kioo cha duka la jirani. Tatizo ni moja tu. Akiwasha injini, mziki unakuja na mbu wake. Akikanyaga mafuta, mbu anapanda sauti. Akiachia, mbu anashuka. Abiria wa siti ya nyuma wameshaizoea, wanamwita "mbu wa bosi".

Huyu jamaa kwa sasa yuko kwenye amplifaya ya TATU. Ya kwanza aliambiwa "imechoka". Ya pili aliambiwa "hii ni ya kichina, huwezi kutegemea". Ya tatu kainunua kwa hela ya hesabu ya wiki mbili, na mwenye gari hana mchezo na hesabu. Imefungwa jioni, asubuhi kawasha gari na mbu yupo palepale, na afya njema kabisa.

Sasa hapa ndipo ukweli unapouma. Amplifaya zote tatu hazikuwa na kosa. Kosa liko chini ya zulia la buti, kwenye waya mmoja mweusi uliofungwa juu ya rangi.

MBU ANATOKA WAPI?

Gari ikiwa inaunguruma, umeme wake unatoka kwenye altaneta. Betri ni ya volti 12, lakini injini ikiwaka altaneta inasukuma kama volti 13.8 mpaka 14.4 hivi. Ule umeme ukizaliwa mle ndani unakuwa wa kwenda na kurudi, ndipo diodi zinaunyoosha uende upande mmoja. Kuunyoosha huko hakujawahi kuwa kwa asilimia mia, kuna mawimbi madogo yanabaki. Injini ikizunguka haraka, mawimbi yanakuwa ya haraka, na ndiyo maana ule mlio unapanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva.

Mawimbi hayo yapo kwenye kila gari, hata zile za wakubwa zenye vioo vyeusi. Kwa nini zenyewe hazilii? Kwa sababu ethi zake ziko sawa.

Ethi ni ule waya mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Redio ina ethi yake huko mbele kwenye dashibodi, amplifaya ina ya kwake nyuma kwenye buti. Ile ya nyuma ikishikwa vibaya, umeme unarudi kwa taabu, na kati ya mbele na nyuma inazaliwa tofauti ndogo ya volti. Tofauti hiyo inapita kwenye ganda la waya za RCA zinazoleta mziki. Redio nyingi zinatoa mziki wa volti mbili mpaka nne tu kwenye waya hizo, na mziki ukiwa chini ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata uchafu wa sehemu ya mia ya volti unasikika. Amplifaya haijui huyu ni mbu au ni gitaa la Kikongo. Kazi yake ni kukuza, inakuza vyote.

Na rangi ya gari haipitishi umeme. Fundi akifunga nati juu ya rangi, au juu ya kutu, au juu ya boliti ya siti iliyojaa vumbi, hapo hajafunga ethi, kafunga pambo. Wengine wanapenda kusingizia ziwa, eti unyevu. Tanganyika ni maji baridi, haina chumvi ya kula bodi kama bahari ya Dar. Unyevu na matope vinaleta kutu ndiyo, lakini hakuna ziwa lililowahi kumzuia fundi kukwangua rangi.

DAKIKA KUMI ZA KUMJUA MBAYA

Hakuna uchawi hapa. Hata mwenye gari anaweza kukaa pembeni na kuangalia kama fundi anafuata mstari.

Kwanza, sikiliza. Mlio unaopanda na mafuta ni wa altaneta kupitia ethi au waya. Ukisikia tik-tik-tik inayoenda kasi na injini ya petroli, angalia nyaya za plagi. Ukisikia "shhhh" isiyobadilika hata injini ikizimwa, mara nyingi kile kitufe cha gein kwenye amplifaya kimezungushwa mpaka mwisho. Gein siyo volyumu, wadau. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, na ukiipandisha kupita kiasi unapandisha na takataka.

Pili, zima kila kitu, chomoa waya za RCA kwenye amplifaya, halafu washa tena. Mbu akiondoka, basi anaingia kupitia RCA: redio, waya zenyewe au tofauti ya ethi kati ya mbele na nyuma. Mbu akibaki, tatizo liko nyuma: amplifaya, ethi yake au nyaya za spika.

Tatu, kama aliondoka, chomeka simu moja kwa moja kwenye amplifaya, simu isiwe kwenye chaji. Mziki ukitoka safi, amplifaya haina kosa na hakuna sababu ya kununua nyingine. Hapa yule jamaa wa mchomoko angeokoa hela zake zote.

Nne, chukua mita, ile ya kawaida kabisa. Iweke kwenye volti. Ncha moja kwenye ethi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, injini inawaka na mziki uko juu. Ikisoma karibu na sifuri, freshi. Ikisoma nusu volti au zaidi, mbaya kakamatwa.

Tiba yake ndiyo inachekesha. Msasa! Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa boliti inayobana kweli, paka grisi juu ili kutu isirudi. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule mwekundu, na uwe mfupi, usizidi nusu mita. Waya mwekundu upite upande mmoja wa gari, RCA zipite upande mwingine. Basi.

Na kuna wale ambao mlio unakuja PALE TU simu ikiwa kwenye chaji huku waya wa mziki umechomekwa. Hao wala wasiguse amplifaya. Ni chaja ya kwenye kiberiti cha gari, na simu imeungwa na gari kwa njia mbili. Chomoa chaja, mlio unakata. Ukitumia blututhi unakata pia, kwa sababu waya mmoja umetoka kwenye mzunguko.

SASA MWIZI NI NANI?

Ukikaa vijiweni utasikia lawama moja tu: mafundi wa Kigoma kanjanja, mafundi wa Ujiji wapigaji. Ni kweli wapo. Kuna mmoja anajulikana kwa msemo wake "hii imekufa, nina nyingine hapa". Mteja akifika na mlio, hashiki hata bisibisi, anaanza kumwonyesha maboksi. Huyo hana utetezi.

Lakini kuna upande wa pili ambao wateja hawapendi kuusikia. Kuna fundi mwingine, kijana mdogo, kajifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu. Dereva mmoja alimpelekea gari inayolia. Kijana akalala ndani ya buti, akachomoa, akapima, akasugua, akafunga. Mbu kimya. Kisha yakafuata mazungumzo haya:

"Fundi, nakudai nini?"

"Nipe elfu kumi tu, kaka."

"Elfu kumi ya msasa? Mdogo wangu, hujaweka hata kifaa! Shika buku mbili ya soda."

Dereva huyohuyo angeambiwa amplifaya imekufa, angekwenda kukopa na angelipa bila kubisha, tena angesema asante. Sasa yule kijana kajifunza nini siku ile? Kajifunza kwamba Ujiji ukweli unalipwa soda, uongo unalipwa hela. Wiki ijayo na yeye atakuwa na maboksi mlangoni.

Hapa ndipo ugonjwa ulipo. Watu wanalipia kitu, hawalipii akili. Wanaona fundi akibadilisha kifaa ndiyo kafanya kazi, akitafuta tatizo wanaona anapoteza muda. Hospitali wanalipia vipimo kabla ya dawa bila ubishi, ila kwa fundi wanataka dawa moja kwa moja. Mgonjwa wa namna hiyo ataishia kumeza kila kitu kilichopo kwenye duka.

Halafu kuna hii homa ya namba. Kijana anaona boksi limeandikwa "watts 3000" anachanganyikiwa. Ageuze amplifaya aangalie fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 30, hesabu ya shule ya kata inatosha: 30 mara volti 14 ni 420. Hiyo ndiyo nguvu inayoweza kuingia kwa kawaida bila fyuzi kukatika, na inayotoka kwenye spika ni pungufu ya hapo. Hizo elfu tatu zimetoka kwa mchoraji wa boksi. Anayelipia namba hizo ndiye huyohuyo anayegoma kununua waya mnene kwa sababu "waya ni waya tu".

Waya siyo waya tu. Waya mwembamba unachemka. Na mlio ukisumbua sana, wapo wanaoanza kuchezea kila kitu mpaka wanatoa fyuzi ya karibu na betri na kuunga moja kwa moja. Hapo mchezo umeisha. Fyuzi ile inatakiwa iwe jirani na betri, ndani ya nusu mita, ili waya mwekundu ukichubuka na kugusa bodi, ikatike yenyewe. Isipokuwepo, betri inamwaga umeme wake wote kwenye waya, na gari inaweza kuwaka huku abiria wako ndani. Mbu anakera, ila moto hauna matani.

Wengine watasema: mbona kuna vile vidubwana vya kuchuja kelele, unachomeka tu kwenye RCA mlio unaisha? Vipo, na vinafanya kazi. Ila ni kama kupulizia pafyumu shati chafu. Vya bei chee vinakula na besi, ile besi iliyokutoa hela mfukoni. Vitumike pale fundi ameshapima kila kitu na njia nyingine hakuna.

Na tusidanganyane kwamba amplifaya hazifi. Zinakufa. Ukichomoa RCA, ethi ikapimwa ikawa safi, nyaya za spika hazigusi bodi, na bado inalia, basi hiyo ni mgonjwa kweli. Tofauti ni kwamba hapo unanunua nyingine kwa ushahidi, siyo kwa hisia.

Kigoma imetoa vijana wanaojaza viwanja kwa mziki, nchi nzima inalijua hilo. Itakuwa aibu mji huo huo ushindwe kuusikiliza mziki bila mbu kwa sababu ya kipande cha msasa. Yule jamaa wa mchomoko inasemekana ameanza kuulizia bei ya amplifaya ya NNE. Mwenye kumjua amwambie anunue msasa kwanza, na akimpata fundi wa kumkwangulia, amlipe kama fundi.

Haya wadau, dondosheni komenti hapo chini: fundi akikuondolea tatizo bila kukuuzia kitu, unamlipa kazi au unampa soda?