Gia Ndogo katika Zana za Kufundishia: Kufaragua au Kununua?

Wanachuo wetu hufundishwa tangu muhula wa kwanza kwamba mwalimu hodari hufaragua zana zake kutokana na vitu vinavyomzunguka. Ni fundisho jema, na aliyewahi kufundisha sayansi katika shule isiyo na maabara anaijua thamani yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, fundisho hili limegeuzwa kuwa kisingizio cha kutonunua chochote. Viko vitu vichache ambavyo kufaragua huviharibu, na mojawapo ni gia ndogo za kuundia vielelezo vya mashine.

Tuchukue mfano wa vizibo vya soda vinavyopigiliwa misumari ubaoni. Kizibo kimoja hukizungusha kingine, na kila mwanafunzi huona kwamba vitu viwili vilivyoumana huzunguka kwa kupingana. Hapo zana imetimiza wajibu wake. Lakini kizibo cha kawaida kina meno 21, na mwenzake vilevile 21. Uwiano ni 1:1 daima, ilhali uwiano ndio moyo wa somo lenyewe. Mwalimu hugeukia kadibodi. Meno yaliyokatwa kwa mkasi hayalingani. Hukwama hapa na kuteleza pale, na mtoto anayehesabu mizunguko hupata mitatu mara hii, miwili na nusu mara ile. Hatimaye mwalimu hukiweka kielelezo kando, huchora duara mbili ubaoni na kuandika kanuni, nayo hukaririwa. Baiskeli ni zana bora zaidi, ila mnyororo huzungusha magurudumu yote mawili upande mmoja, kwa hiyo haifai kutumika peke yake.

Basi zinunuliwe. Najua neno hili huleta mguno katika mikutano ya wakufunzi. Lakini tatizo kubwa kuliko fedha ni kwamba anayekwenda kununua bila kujua anachokitafuta hurudi na mfuko wa gia zisizoumana, na mifuko ya namna hiyo imelala katika makabati mengi. Jambo la kujua ni moduli. Pima kipenyo cha nje cha gia kwa milimita, hesabu meno yake, ongeza 2 katika idadi hiyo, kisha gawanya. Gia yenye meno 20 na kipenyo cha nje cha milimita 11 ina moduli ya 0.5, ambayo ni ya kawaida katika gia za plastiki za vitu vya kuchezea. Gia mbili huumana sawasawa pale tu moduli zao zinapolingana. Ukitaka kuiumanisha gia hiyo na ya meno 40, jumlisha meno, zidisha kwa moduli, gawanya kwa 2: mihimili itakaa milimita 15 mbalimbali. Hesabu hiyo peke yake ni kipindi kizima cha hisabati.

Vipimo vya Kiingereza ndivyo vinavyowaponza wengi. Gia iliyopimwa kwa meno 48 kwa kila inchi ya kipenyo inakaribia moduli 0.53, na jicho haliwezi kuitofautisha na ya 0.5, zikiwekwa pamoja hukaza. Vifaa vya Meccano, ambavyo Frank Hornby wa Liverpool alivipatia hataza mwaka 1901, hutumia meno 38 kwa inchi, kiasi kwamba gia ya meno 57 na ya meno 19 hukaa kwenye matundu yaliyoachana inchi 1 kamili. LEGO hutumia moduli 1: meno 8 na meno 24 huhitaji milimita 16, yaani nafasi mbili za matundu yake. Ni vifaa vilivyofikiriwa vizuri mno, lakini havichanganyiki.

Asiye na fedha aende kwa fundi wa redio au wa mashine za ofisi. Printa iliyokufa ina gia nyingi, na zilizoumana ndani yake zitaumana hata nje. Zichukuliwe jozi kwa jozi. Ajihadhari na zenye meno ya mshazari, kwani hazishikani na zile za meno yaliyonyooka. Gia za saa za ukutani aziache, maana umbo la meno yake ni la namna nyingine.

Pendekezo langu ni kwamba kila chuo kichague moduli moja, 0.5, na tundu la milimita 2, kisha kinunue kwa wingi gia za meno 10, 20 na 40 tu, badala ya pakiti za mchanganyiko zinazopendeza macho. Kila mwanachuo aondoke na gia zake kumi na mbili, ambazo zote hutoshea kiganjani. Ubao atautafuta huko aendako, na hapo ndipo kufaragua kuna nafasi yake halali: spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa milimita 2, nayo huingia katika tundu la gia hizo kama mhimili uliotengenezwa kiwandani.