AFYA YA WATOTO: Kuvu Katika Kidonda cha Moto

Katika nyumba nyingi za Karurumo mafiga matatu yangaliko, na mtoto atambaaye haogopi sufuria ya uji. Akiungua vibaya hupelekwa Embu, na pengine Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ambako madaktari hukata ngozi iliyokufa na kupandikiza nyingine itokayo pajani mwake. Wazazi hudhani hatari imekwisha.

Haijaisha. Dawa ziuazo bakteria, zikitumiwa siku nyingi, huachia nafasi kuvu, ndugu wa ukungu uotao juu ya mahindi yaliyolowa. Kandida hukaa kinywani na tumboni mwa watu wengi bila kuwadhuru; aina nyingine zimo katika udongo na vumbi. Kwa kawaida huzuka baada ya juma la kwanza. Kidonda kikigeuka cheusi ghafula, au homa ikikataa dawa, daktari hukata kipande cha nyama akipime, kwani kupangusa juu tu hakutoshi. Huenda mtoto akarudishwa chini ya kisu, na mzazi asidhani kwamba kazi ya kwanza iliharibika.

Na wako wapakao udongo au samadi! Maji safi ya baridi kwa dakika 20, kitambaa safi, kisha safari ya hospitali siku ile ile.